Gari Lililopimwa kwa Mizani

Temeke, 14 Januari 2024

Mpwa wangu Rumaisa,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko kwenye baridi. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa mkazamjomba wako Malak, goti limerudi kumsumbua, naye hataki kwenda hospitali kwa sababu alishakwenda mara moja na hawakumpendeza. Duka liko vilevile. Barabara ya mbele imechimbwa tena, wateja wanaruka mtaro kuja kununua sukari, na wakishafika wananilaumu mimi.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kwa kalamu ilhali simu ninayo. Katika ukoo wetu ujumbe wa simu hufika Bunju kabla haujafika ulikotumwa. Karatasi angalau haisambazwi kwa kidole. Nakuomba na wewe unijibu kwa posta, sanduku la duka ni lilelile.

Sasa jambo lenyewe. Unalikumbuka gari la babu yako, marehemu baba, lililokuwa uani chini ya turubai? Fremu yake, bodi na magurudumu bado ninavyo. Mara ya mwisho lilitembea mwaka wa mvua za El Nino, wewe ukiwa bado unatambaa. Nimeamua litembee tena nikiwa hai. Fakihi, yule fundi wa kuchonga pale Mwenge, amekubali kunitengenezea upya mbao zilizoliwa na mchwa. Injini nitatia ya bajaji.

Kinachonikwamisha ni tundu nne za bolti kwenye fremu, pale injini inapokaa. Zimekwenda upande, kila moja na nia yake. Nimeshajaribu injini mbili na hakuna iliyokaa. Chini ya kiti kuna kibati cha shaba kimeandikwa ROUVELIN na namba 41. Wewe uko Lyon, uko karibu nao. Hebu waulize hao watu walikuwa na maana gani.

Injini yake ya asili haipatikani. Usiniulize kuhusu hilo.

Mjomba wako anayekuombea,
Nurdin Azzam


Lyon, 22 Februari 2024

Shikamoo mjomba,

Barua yako imetembea wiki nne na nusu. Mie mzima, alhamdulillah. Kazi ya maabara ya maji inaendelea, na nimeanza kuuzoea mchele wao, ingawa unanata kiasi kwamba najikuta napika bokoboko bila kukusudia. Mpe pole mkazamjomba, na mwambie goti halisikii ubishi.

Nimekufanyia kazi yako. Jumatano nilikwenda kwenye nyumba ya kumbukumbu ya mji mdogo nje ya Lyon ambako gari lako lilizaliwa. Makaratasi yanatunzwa na mama mmoja mstaafu, Madame Perrachon. Nilipotaja Rouvelin alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisema ana miaka tisa hajaulizwa na mtu.

Rouvelin alikuwa fundi wa vyuma vya mitambo ya kufumia hariri. Kazi za hariri zilipopungua, mwaka 1904, akaunda gari moja ndani ya banda la kufulia la mkewe. Lilimfikisha kanisani, likagoma, akalirudisha kwa ng'ombe huku watu wakitoka misani wanamtazama. Mwaka uliofuata akaunda manne. Hakuwahi kuwa na wafanyakazi zaidi ya kumi na wanane, na kiwanda chake kwa uhai wake wote kilitoa magari sitini na matatu.

Jibu la tundu zako ni hili. Pale hapakuwa na kipimo cha pamoja. Kila gari lilikuwa na fundi wake mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Fundi aliipokea injini, akaiweka juu ya fremu, akaisogeza mpaka ikakaa vizuri, ndipo akatia alama kwa chaki na kutoboa. Kisha aligonga namba ileile kwenye vyote viwili. Injini ya gari la 40 haiingii kwenye la 41. Kwa hiyo ya bajaji ndiyo kabisa, mjomba. Fremu yako ilitobolewa kwa ajili ya injini moja tu duniani.

Daftari lao linasema namba 41 ilimalizwa Machi 1910 na fundi aitwaye Baptiste, ikapelekwa Marseille, kisha Zanzibar, kwa mnunuzi wa karafuu. Baada ya hapo hawajui kitu. Nilipomwambia Madame kwamba babu alilinunua bovu kutoka Zanzibar na kwamba sasa liko Temeke nyuma ya duka la mchele, ilibidi akae.

Umesema nisiulize, sitauliza. Nitasema tu ninachokijua. Injini iko Bunju, barazani kwa mama. Nilikuwa na miaka kumi na sita siku mlipoligawa gari, na nilisimama pale pale. Mlitoa mizani ya magunia dukani, mkapima gari zima kipande kwa kipande, theluthi mbili zako, theluthi moja ya mama. Injini ilipungua kidogo kufikia theluthi, mkaongeza taa ya mbele. Mama aliondoka na fungu lake kwenye Canter bila kuaga. Tangu siku ile mimi ndiye ninayewaamkia nyote wawili.

Mpwa wako,
Rumaisa


Temeke, 2 Aprili 2024

Rumaisa mwanangu,

Marahaba. Tuko kumi la mwisho la mfungo, na dukani tende hazikai. Goti la Malak limepata nafuu, si kwa daktari, ni kwa mafuta ya mwarobaini, na sasa hakuna wa kumwambia kitu.

Nimesoma habari za Rouvelin mara tatu. Nimemsomea na Fakihi. Alipitisha mkono kwenye zile tundu, akasema huyo Baptiste alikuwa fundi. Kwa Fakihi hiyo ni sifa kubwa, kwangu mimi hajawahi kuitoa.

Lakini umegusa nilipokukataza. Basi sikiliza. Baba alipofariki hakuacha utata wowote. Sisi tulikuwa wawili, mwanamume na mwanamke. Mafungu mawili kwangu, fungu moja kwa huyo mwenzangu. Sisi ni watu wa duka tangu babu wa babu, na kitu kisichogawanyika kwa macho hugawanywa kwa mizani. Sikumdhulumu hata gramu. Ukitaka, kikaratasi cha vipimo ninacho hadi leo. Aliyenuna alinuna mwenyewe.

Injini ya bajaji nimeirudisha kwa mwenyewe.

Huyo mwenye fungu lake hajambo? Nauliza kwa ajili ya mwezi huu tu.

Nurdin


Lyon, 9 Mei 2024

Shikamoo mjomba,

Natumai Idi ilikuwa njema na mlibakisha biriani kwa ajili ya wasiokuwepo. Huku kumeanza joto, watu wameingiwa na wazimu, wanalala kwenye nyasi za bustani kama waliofukuzwa nyumbani.

Nilirudi kwa Madame Perrachon nikamuuliza kiwanda kilikufaje. Nilidhani ataniambia vita, au makampuni makubwa. Akatoa gazeti la zamani.

Rouvelin alifariki mwaka 1912 na kuacha wana wawili, Emile na Gaston, wasiopatana. Waligawana kiwanda. Emile alichukua kalibu za kumwagia injini. Gaston alichukua michoro na vifaa vya fremu, akahamia ng'ambo ya mto. Kila mmoja akatangaza kwamba Rouvelin halisi ni yeye. Matangazo yote mawili yametoka siku moja, ukurasa mmoja, moja juu ya jingine. Emile alikuwa na injini asizo na pa kuziweka, Gaston fremu asizo na cha kuzitia. Hakuna hata mmoja aliyetoa gari tena. Namba 63 ndiyo ya mwisho.

Nilimuuliza Madame kama waliwahi kupatana. Alisema kila mmoja amezikwa kwenye uwanja wake wa makaburi, na mji wenyewe una viwanja viwili tu vya makaburi.

Umeniuliza habari za mama. Hajambo. Injini imegongwa namba 41 ubavuni, nilimwomba aiangalie. Hakuhitaji kwenda kuangalia. Kila Ijumaa baada ya dhuhuri anaitia mafuta na kuizungusha kwa hendeli mara ishirini ili isikamate kutu ndani. Ameifanya kazi hiyo miaka kumi na moja. Mwaka juzi aliipeleka ile sehemu ya kutoa cheche kwa fundi wa kusuka mota, ikasukwa upya. Mimi mwenyewe sikujua hadi juzi.

Sina la kuongeza.

Rumaisa


Temeke, 5 Juni 2024

Rumaisa,

Nilikuomba historia, umeniletea hotuba ya Ijumaa. Umesema huna la kuongeza, na hapo ndipo uliponiudhi zaidi, maana ulikuwa umeshaongeza.

Emile na Gaston ni wenu huko. Usinipake rangi yao.

Malak anakusalimia.

N. A.


Lyon, 12 Julai 2024

Shikamoo mjomba,

Nimekuudhi, nisamehe. Sikukusudia kukufundisha, wewe ndiye uliyenifundisha kusoma saa.

Madame ananiuliza kila wiki kama mwenye fremu amejibu. Namwambia posta yetu inakawia.

Kuna jambo nataka ulijue, nisije nikaonekana mnafiki. Barua zako zote nimekuwa nikimsomea mama kwenye simu. Uliandika kwa karatasi ili zisifike Bunju, nami nilizifikisha. Husikiliza mpaka mwisho, haulizi, halafu husema, "Haya, kalale." Lakini ile uliyoulizia hali yake aliniambia niisome tena.

Mpwa wako anayesubiri jibu,
Rumaisa


Temeke, 18 Agosti 2024

Mwanangu Rumaisa,

Salamu nyingi. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa nachana karatasi. Hii ni ya nne.

Usijitese na habari za kumsomea mama yako. Mimi ni mwenye duka, nimekaa miaka hamsini nikitazama nyuso za watu wanaosema wametumwa. Nilijua. Kama ningetaka asisikie, ningenyamaza.

Fakihi amemaliza bodi. Ameitengeneza kwa mninga, imekaa vizuri kuliko ilivyokuwa. Jana nililiona gari limesimama uani, zima, lina kila kitu isipokuwa moyo, nikaona aibu ya kuingia ndani kula.

Sasa nitakuambia nilichokuficha.

Siku tatu kabla baba hajafariki, alinishika mkono, akasema, "Gari mwachie mdogo wako Jokha. Lisiguswe, lisigawanywe." Tulikuwa wawili tu chumbani. Nikasema inshallah. Nami nilijua sheria: wasia kwa mrithi hausimami mpaka warithi wenzake waridhie. Na mrithi mwenziwe nilikuwa mimi peke yangu. Baba alikuwa hanipi habari, alikuwa ananiomba ridhaa.

Sikuridhia. Wala sikumwambia mtu. Tulipomaliza kuzika nikatoa mizani, nikagawa kwa haki mbele ya watu, na kila mtu akanisifu kwa uadilifu wangu. Mizani ilikuwa sahihi, Rumaisa. Mwenye kasoro alikuwa mimi.

Utaniuliza kwa nini. Nilikuwa na wivu. Jumapili baba alikuwa akimtoa Jokha kwenda kumfundisha kuendesha, msichana wa miaka kumi na sita, hadi Mtoni na kurudi, wanacheka njia nzima. Mimi mkubwa niliachwa dukani nipime mchele. Baba hakunifundisha hata siku moja. Alisema mkono wangu ni wa mizani. Labda alidhani ananisifu.

Natamani lingekuwa jambo kubwa zaidi ya hilo, lakini ndilo hilo tu.

Na hii msomee. Mimi sina ulimi wa kumwambia.

Mjomba wako,
Nurdin


Lyon, 10 Septemba 2024

Shikamoo mjomba,

Nililia kwenye treni na barua yako mkononi, hadi mzee wa kiti cha pili akanipa karatasi ya kufutia pua. Nakupenda, na sijakushusha hata kidogo. Goti la mkazamjomba likoje?

Lakini hii sitamsomea mama. Nyingine zote nilizisoma bila ruhusa, hii umeniruhusu na nakataa. Neno hili linatakiwa litoke kinywani mwako. Nikimpelekea mimi kwa simu, atasema, "Haya, kalale," na mambo yatabaki kama yalivyo.

Amepiga jana akauliza kama kuna barua. Nimemwambia ipo, ila utaileta wewe mwenyewe. Halafu akasema nikuambie lango la Bunju amelipanua mwaka jana, Canter inaingia bila kukunja vioo.

Rumaisa


Bunju, 20 Oktoba 2024

Rumaisa mwanangu,

Assalaam aleikum kutoka barazani kwa mama yako. Malak yuko hapa pia, amekaa na goti lake juu ya stuli, ananisahihisha ninavyoandika.

Tulikuja Ijumaa asubuhi, mimi, Malak, Fakihi na gari juu ya Canter. Njia nzima nilikuwa natunga maneno, na tulipopita Tegeta nilikuwa na hotuba nzuri sana. Canter iliingia langoni. Jokha alikuwa anaanua kanga kambani.

"Shikamoo, kaka," akasema, utadhani nilikuwapo jana.

"Marahaba. Nimekuletea gari lako."

"Langu theluthi."

Hotuba yote ikanitoka kichwani. Nikamwambia pale pale, Fakihi akisikia na dereva akisikia, kwamba baba aliacha wasia gari liwe lake zima, kwamba ridhaa ilikuwa yangu na niliinyima, na kwamba nilimwonea wivu tangu nikiwa kijana. Nikamwambia, "Leo nimeridhia. Nimechelewa, lakini nimeridhia."

Aliendelea kukunja kanga mpaka ncha zikalingana.

"Najua," akasema. "Siku ile nilikuwa nyuma ya pazia, nimeshika uji wake. Nilisikia neno kwa neno."

"Ukanyamaza miaka kumi na moja?"

"Ningesema, ungenipa kwa haya ya watu. Mie sikutaka gari la haya. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Nililia, mwanangu, uwanjani mchana kweupe, na sioni sababu ya kukuficha. Yeye hakulia. Aliniwekea zile kanga mikononi nimshikie, akaenda kumwambia Fakihi asiliparuze ubavu wakati wa kulishusha.

Tuliiinua injini watu watano. Fakihi aliiongoza. Ilipogusa fremu iliteleza kidogo kushoto, ikakaa yenyewe, na tundu zote nne zikaonana. Bolti ziliingia kwa vidole. Fakihi alikaa chini kando ya gurudumu, na sote tulimwacha. Mwambie Madame Perrachon hivyo. Mwambie Baptiste hakukosea hata unywele.

Jana mchana tulitia petroli. Jokha alipanda, akaniambia nizungushe hendeli na nisikaze kidole gumba, litanivunja. Mara ya kwanza kimya. Mara ya sita likapiga chafya, kuku wa jirani wakaruka ukuta. Mara ya tisa likawaka, na moshi wake ulikuwa mweusi, na Malak akashika kichwa, na mama yako akanipigia kelele, "Panda, unangoja nini?"

Tulitoka langoni. Alibadilisha gia bila kuitazama. Tulifika kwenye duka la dawa, mita kama mia na hamsini, likazima. Tukalisukuma kurudi mimi na yeye, vijana wa bodaboda wakitaka kusaidia naye akiwakatalia, huku anacheka kicheko kilekile cha Jumapili ambacho nilikuwa nikikisikia nikiwa nyuma ya kaunta. Safari hii nilikuwa nacho ubavuni.

Ijumaa ijayo anataka nikae mimi kwenye usukani, anifundishe. Nimemwambia nina miaka sitini na minane. Amesema gari lina mia moja na kumi na nne na halijatoa udhuru.

Mama yako anakusalimia. Anasema safari hii atakuandikia yeye mwenyewe.

Mjomba wako, mwanafunzi wa udereva,
Nurdin Azzam